Vuli ya maboga, na majani yanayotupwa

Nilimpigia Mama simu ya video nikiwa nimesimama mbele ya simba. Simba mwenyewe wa maboga: mamia ya maboga madogo ya rangi ya chungwa yamepigiliwa kwenye fremu ya mbao na waya, manyoya ya shingoni ni vibuyu vyembamba vilivyopinda, macho ni maboga mawili meupe. Nyuma yake kasri la Ludwigsburg, hapa Ujerumani, refu kama treni. Nikageuza kamera taratibu ili Mama aone kila kitu, nikasubiri ashangae.

Mama hakushangaa. Alisogeza uso mpaka nikawa naona paji tu, akauliza, "Na majani wanapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka minane niko huku, na kila mwaka naenda kuyatazama yale maboga, sijawahi kujiuliza.

Mimi ni mtu wa Old Moshi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa kusini magharibi mwa Ujerumani, jirani na Stuttgart. Ikifika Agosti wadogo zangu wanaokuja kusomea uuguzi huanza kuniandikia: dada, wikiendi tuna mapumziko, twende wapi? Wengi wanapanda treni kwenda Munich kuona sikukuu ya bia ya Oktoberfest, wanarudi na picha moja na deni. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tukisema vuli tunaona mvua: zile ndogo za Oktoba mpaka Desemba, watu wanashika majembe. Hawa wakisema Herbst wanaona jambo la kinyume kabisa. Zamani neno hilo lilimaanisha kuvuna, na kwa wazee wa mkoa huu bado lina maana hiyo. Mtu akikuambia anaenda "herbsten" hasemi habari za majira, anaenda kuchuma zabibu. Vuli yetu unaingiza mbegu ardhini, vuli yao unafunga ghala. Ukishalishika hilo, sherehe zao zote za Septemba na Oktoba zinaeleweka, hata zile zinazoonekana ni bia na kelele tu.

Turudi kwenye maboga. Maonyesho yako kwenye bustani za kasri, yanaanza mwishoni mwa Agosti. Waandaaji wanatangaza maboga laki nne na nusu, na mimi sibishi, maana ukiingia getini unayaona yamemwagwa kama kokoto: ya kijani yenye mistari, ya bluu kama moshi, yenye vinundu kama mgongo wa chura, mengine yana umbo la kilemba. Kila aina ina kibao chake cha jina. Kuna supu ya boga, kuna chipsi za boga, kuna mbegu zilizokaangwa na sukari. Mwezi wa tisa kuna siku watu wanachimba maboga makubwa ndani, wanapanda humo kama mtumbwi na kushindana kupiga makasia kwenye bwawa mbele ya kasri. Mtumbwi wa boga hauendi mbele, unazunguka. Nilicheka mpaka mama mmoja wa Kijerumani akanipa tishu.

Oktoba ndiyo siku ya kupima. Wakulima wanayaleta majitu yao yamelala kwenye mablanketi, yanainuliwa kwa mashine na kuwekwa kwenye mzani kwa uangalifu kama mgonjwa anayetolewa upasuaji. Hapo hapo Ludwigsburg, Oktoba 2016, Mbelgiji aitwaye Mathias Willemijns alipima boga la kilo 1,190 na ushei, likawa rekodi ya dunia ya wakati ule. Nilimwambia Mama. Akauliza lina ladha? Nikasema hapana, hayo makubwa ni maji matupu. "Sasa la nini?" Hapo tena nikakwama. Boga linaloliwa huku ni lile dogo jekundu linaloitwa Hokkaido, unalipika na ganda lake, na ni tamu kweli, linakaribia la kwetu lile la unga. Nalipika futari na tui la kopo. Ila majani, jamani, wao wanahesabu ni takataka. Ukipenda boga upende na ua lake, sisi tumeambiwa tangu utotoni, na hawa wamechukua boga wakaacha ua, majani na nyuzi zake zote.

Sasa Wasen, sikukuu kubwa ya Stuttgart. Tafadhali usiseme "Oktoberfest ya Stuttgart" mbele ya Mswabi, yaani mwenyeji wa huku, utaharibu mazungumzo. Jina lake rasmi ni Cannstatter Volksfest, iko kwenye uwanja mkubwa kando ya mto Neckar, inaanza mwishoni mwa Septemba, siku 17, na watu wanaokwenda hufika karibu milioni 4. Mara ya kwanza nilikwenda na wafanyakazi wenzangu baada ya zamu ya asubuhi. Nilichokiona: mahema makubwa kama maghala, watu wamesimama juu ya mabenchi wanaimba, nusu kuku wa kuokwa wanayemwita Göckele, na bia ya lita moja kwa zaidi ya yuro 13. Vijana wamevaa kaptula za ngozi na yale magauni ya mikanda. Bibi mmoja ninayemhudumia kazini, wa chumba namba 14, akiona picha hizo hufumba macho, maana hayo ni mavazi ya Bavaria, siyo ya kwao. "Wamekodi," huniambia.

Ni yeye bibi huyo aliyenifungua macho. Ana miaka 91, mikono yake bado ni ya mtu wa shamba. Nilikuwa namfunga soksi za kubana miguu, nikamwambia Wasen ni walevi tu. Akaniuliza kama nimeuona mnara wa matunda. Niliuona, ndiyo, uko katikati ya uwanja, mita 26 kwenda juu, umepambwa kwa matunda na masuke ya nafaka. Nilidhani ni pambo la kampuni ya bia. Akasema, rudi ukautazame tena, ule ni wa njaa.

Nilirudi nyumbani nikasoma. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka huko Indonesia. Majivu yakapanda angani, na mwaka uliofuata huku hakukuwa na kiangazi. Mvua, baridi, mvua. Nafaka ikaoza shambani, zabibu hazikuiva, bei ya mkate ikapaa, watu wakachanganya unga na vumbi la mbao. Maelfu wakafungasha wakashuka na mto Danube kwenda Urusi, wengine wakaenda Marekani. Makumbusho kadhaa ya huku yana vimikate vya mwaka 1817 vilivyohifadhiwa, vidogo vya kukaa kiganjani. Mavuno ya 1817 yalipokubali, mkokoteni wa kwanza wa nafaka ulipokewa kwa kengele na nyimbo za kanisani. Mwaka uliofuata, Septemba 1818, mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Württemberg na malkia wake Katharina wakaanzisha sikukuu ya wakulima Cannstatt: mashindano ya farasi, zawadi kwa wafugaji wenye ng'ombe bora, na mnara wa matunda katikati ili kila mtu aone kwamba chakula kipo. Siku moja tu. Mwaka huo huo walianzisha na chuo cha kilimo cha Hohenheim, ambacho leo ni chuo kikuu.

Mimi nimelelewa na watu wanaojua njaa kwa jina la mwaka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akihesabu umri wa watoto kwa njaa. Kwa hiyo siku niliyorudi Wasen nilisimama chini ya ule mnara kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua. Pembeni yangu kijana alikuwa anatapika kwenye pipa. Yote mawili ni kweli, na sikukuu ni hiyo hiyo.

Wadogo zangu, mkitoka Wasen na bado mna miguu, pandeni mlima wa Rotenberg, ng'ambo kidogo tu. Juu kuna kanisa dogo la mviringo katikati ya mashamba ya zabibu. Katharina alikufa Januari 1819, ana miaka 30, miezi mitatu tu baada ya sikukuu ya kwanza. Mfalme akabomoa ngome ya mababu zake iliyokuwa juu pale, akamjengea kaburi mahali pake. Juu ya mlango wameandika maneno ya Wakorintho. Nilisimama nikayasoma kwa Kijerumani, halafu mdomo ukayamalizia kwa Kiswahili cha Biblia ya Mama: upendo haupungui neno wakati wowote. Oktoba majani ya mizabibu ni mekundu na ya njano, na unaona mto wote chini. Hakuna kiingilio cha kutazama mto.

Mvinyo mpya nao una siku zake. Kabla zabibu hazijawa mvinyo kamili wanauza maji yake yakiwa bado yanachacha, mazito, ya rangi ya maji ya ukwaju, matamu halafu yanauma ulimi. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji maelezo: ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Siku ya kwanza tamu, siku ya tatu inakusimulia mambo yako. Wanainywa na mkate mpana wenye vitunguu, malai na vipande vya nyama ya nguruwe. Tahadhari moja, na hii nimeilipia: chupa yake haifungwi. Kifuniko kimelegezwa makusudi ili gesi itoke, na muuzaji aliniambia, simamisha. Nilidhani ananiambia nisimame mimi. Nikailaza kwenye begi juu ya sare za kazi, nikapanda treni. Kufika vituo vitatu, kidimbwi kilikuwa kinatambaa chini ya viti kuelekea kwenye viatu vya mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Akatazama kidimbwi, akatazama begi, akanusa. "Mpya," akasema, akainua miguu akaendelea kusoma. Nilifua zile sare mara tatu. Bado wiki nzima wazee wangu walikuwa wananiuliza nimetoka wapi.

Ukitaka kuinywa kwa amani nenda kwenye "Besen". Ni nyumba ya mkulima wa zabibu: akiwa na mvinyo wa kuuza anatundika ufagio nje, ukiona ufagio ingia. Sheria inamruhusu miezi minne kwa mwaka na viti visivyozidi 40, kwa hiyo mnabanana kwenye meza ndefu na watu msiowajua, kama kilabu cha mama fulani nyuma ya nyumba. Glasi ni ya robo lita, ina mkono, inaitwa Viertele. Hiyo "-le" utaisikia kila mahali. Waswabi wanaipachika mwishoni mwa kila kitu wanachokipenda, kama sisi tunavyoweka "ki-" mwanzoni: Häusle, kijumba. Wanajulikana Ujerumani nzima kwa ubahili, na hawakatai. Lakini hajawahi mtu kuniacha nisimame kwenye Besen. Wanajisogeza tu.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya mavuno kanisani. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa kitenge nikawahi kiti cha mbele. Madhabahu ilikuwa imejaa: kabichi, karoti na majani yake, mkate mkubwa kama gurudumu, zabibu, maboga, masuke yamefungwa utepe. Nikawa napanga moyoni: lile boga la kijivu nitalipandia mpaka yuro 10. Ibada ikaisha, kinanda kikapigwa, watu wakapeana mikono na mchungaji mlangoni wakaondoka. Mimi nimekaa. Nasubiri mnada.

Mnada haukuwapo. Vyakula vinakusanywa, vinapelekwa kwa mashirika yanayowagawia wasiojiweza, jambo jema, sina neno. Lakini mavuno bila mnada! Kwetu usharikani mavuno ni kelele. Mzee wa kanisa anainua kuku miguu juu, kuku anapiga mbawa, "elfu nane, nani anaongeza, wageni wa Dar mmelala?" Mtu ananunua kuku, anasema namrudisha, auzwe tena. Kuku mmoja anauzwa mara tatu na bado jioni yuko hai. Baba yangu aliwahi kupandiana bei na shemeji yake kwa mkungu wa ndizi aliouleta yeye mwenyewe asubuhi, na akashinda.

Sasa sisi Watanzania wachache wa huku, tunaokutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kuazima, tumeanza wetu. Oktoba iliyopita nililipeleka boga la Hokkaido la yuro 2. Jirani yangu Mjerumani, mstaafu, alikuja kutazama. Bei ilipofika yuro 15 akaninong'oneza kwamba pale dukani chini ni yuro 2. Nikamwambia najua. Ilipofika 30 akaanza kutokwa jasho. Kaka mmoja wa Mbeya akalichukua kwa 40, akatangaza, "Nampa huyu mzee mgeni!" watu wakapiga vigelegele. Jirani yangu akalipokea kwa mikono miwili, uso mwekundu. Akakaa nalo mapajani kama mtoto mchanga. Baada ya muda akanivuta mkono akauliza, sasa mimi natakiwa nifanye nini? Nikamwambia unaweza kulirudisha. Akalirudisha. Mswabi huyo huyo akalinunua tena kwa yuro 12, na mpaka leo anasimulia ngazini kama aliyerudi kutoka vitani.

Siku za mvua, na Novemba ni mvua tupu, nendeni jumba la makumbusho la Linden-Museum, Stuttgart. Mwaka 2019 walifungua maonyesho yao ya Afrika, na jina lake ni swali: Afrika iko wapi? Mwaka huo huo Biblia na mjeledi wa Hendrik Witbooi, kiongozi aliyepigana na wakoloni wa Kijerumani, vilivyokuwa hapo vilirudishwa Namibia. Mimi huingia humo na miguu mizito. Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa na Wajerumani kwetu Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake huku Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 nilikuwa nagawa chai ya alasiri sebuleni pa wazee, televisheni ikamwonyesha Rais Steinmeier wa Ujerumani akiwa Songea, anaomba msamaha kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Mzee mmoja akaniuliza, Songea ni karibu na kwenu? Nikamwambia ni mbali, ni safari ya basi la kutwa nzima. Akafikiri, akasema, "Lakini ni kwenu." Nikamwongezea chai.

Novemba hiyo hiyo, tarehe 11, watoto wa chekechea hutembea gizani na taa za karatasi kwa ajili ya Mtakatifu Martin, na hupita mpaka kwetu kuwaimbia wazee. Bibi wa chumba namba 14 huzitazama taa za karatasi kwa adabu. Zamani zao walichonga kiazi kikubwa cha kulishia ng'ombe, wakakitoboa macho na meno na kuweka mshumaa ndani, wakawatishia watu njiani. Mwaka jana nilimtafutia kimoja. Hakukata mwenyewe, vidole vimekakamaa, lakini alinielekeza kila tundu, na pua aliitaka iwe mbaya zaidi.

Sasa majani. Swali la Mama halikuniacha. Mwisho wa Septemba nilimwendea mkulima anayeuza maboga kando ya barabara yetu, yale ya kujichukulia mwenyewe na kutumbukiza hela kwenye kopo. Nikamwuliza kama naweza kuchuma majani. Akauliza sungura ninao wangapi. Nilipomweleza kwamba ni ya kula mimi, machanga ya nchani, unamenya zile nyuzi zenye miiba kwenye mashina, unakata, unapika na karanga, alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayekula nyasi, halafu akasema chukua yote, bure, njoo wakati wowote.

Wakati wowote! Nikapanga wiki ijayo, zamu zikabadilika. Nikapanga inayofuata, nikaumwa mafua. Nimekwenda Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na mifuko miwili mikubwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilishuka barafu ya kwanza. Shamba zima lilikuwa limelala chini, jeusi, linanata, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Maboga yamebaki peke yake yanang'aa. Mkulima akatoka akainua mabega: njoo Julai.

Nikampigia Mama nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa. "Mimi si nilikuuliza tangu mwezi wa tisa?"

Nimeweka alamu kwenye simu, tarehe 5 Julai, saa moja asubuhi.